Perege wa Shimo la Udongo

Wiki iliyopita nilimwambia mwalimu wangu wa darasa la tatu akafukie bwawa lake. Usinitazame hivyo, ndugu yangu. Mzee alifika kwenye mabwawa yangu hapa Mpapura na ndoo ya perege wa urefu wa kidole kimoja. "Mama, hawa wananizalia tu, hawakui. Wamerogwa?" Nilimpa shikamoo, maana adabu ninayo. Hakunikumbuka. "Lifukie," nikamjibu, akaondoka kichwa chini.

Mimi namkumbuka. Utotoni nilikaa na bibi yangu kando ya mto Ruvuma. Maji ya masika yakirudi mtoni, perege walibaki madimbwini, nasi watoto tukawazoa kwa vikapu. Bibi aliwachoma, tukala na ming'oko ya moto, vile viazi vya porini, miiba tunatemea jivuni. Wazima wachache niliwatia katika shimo nyuma ya nyumba, tulikochimba udongo wa kukandikia kuta. Kila asubuhi niliwapelekea pumba na mchwa, nikaganda pale hadi bibi anapiga kelele, "We mtoto, utaota magamba!"

Ndipo nikaona. Perege wa mtoni huzaa akiwa mpana kama kiganja. Wangu, kwa kubanana, walizaa wakiwa kama kidole, vifaranga tele mdomoni mwa mama anamowalea, na tangu hapo hawakuongezeka hata ukucha.

Nikamweleza mwalimu kwa furaha, mbele ya darasa. Akacheka. "Mtoto azae mtoto? Mama Dagaa huyu!" Darasa zima likaitikia Mama Dagaa. Nikabisha. Kesho yake akaleta wanafunzi na majembe, ati shimo linafuga mbu. Wakafukia samaki wangu wakirukaruka, bibi kasimama mlangoni, mikono kichwani; mwalimu ni mtu wa serikali. Sikurudi shuleni. Yote ninayoyajua nimeyajua kwa kulowa.

Siku hizi juu ya shimo lile kuna nyumba ya bati, ya watu nisiowajua. Bibi hayupo. Masika yenyewe hayafiki tena kule. Aliyebaki ni mwalimu.

Dawa ni ndogo. Wakibanana, majike huwahi kuzaa, chakula chote kinaishia kwenye uzazi, mwili unadumaa. Tenga madume peke yao, kwenye maji ya nafasi, uone watakavyonenepa. Wewe nimekwambia kwa kuwa ni mtu wangu. Mzee akikuuliza, hujui. Ukimwambia nitajua tu: samaki wake watakua.