Breki za Mwanaima, Kiti cha Mama

Pale Tingi, ukiulizia kwa Mwanaima fundi cherehani, hata mtoto anayenyonya atakuonyesha. Ni ile nyumba yenye kigari chekundu mlangoni, cha milango miwili, matako kimeyainua juu, sauti yake kama nyuki waliotukaniwa mama yao. Watu walisema, na Tingi kwa kusema hawajambo. Mwanamke wa umri wa kuoza watoto, gari la wahuni wa mjini la nini? Mwanaima hakuwa na muda wa mjadala. "Nunueni makubwa, mkae nyuma yangu mle vumbi," anawaambia, anawasha, huyo kaondoka.

Asichowaambia ni kwamba gari lile alilinunua kwa nia moja tu. Alizaliwa Mitole, kule vilimani, na utoto wake wote aliushuka mteremko wa Mitole nyuma ya mama yake, Bi Mwanaasha, kila mtu na muhogo wake kichwani. Siku moja ya mvua mama aliteleza, akaenda chini na kikapu chake, muhogo ukatawanyika hadi kwa jirani. Mwanaima, meno ya mbele hana hata moja, akamwambia: "Mama, nikikua utashuka hapa umekaa." Mama akacheka palepale kwenye tope. "Nimekaa juu ya nini? Ungo? Unataka waniite mchawi?"

Basi alikua, akashona, akapiga pasi, akashona tena, akalipata gari. Na mama alishuka amekaa mara moja tu, Idi ya kuchinja mwaka jana. Bora asingeshuka.

Walikuwa katikati ya mteremko, mama kiti cha mbele na nguo yake mpya, nyuma kumejaa masufuria, pilau na majirani wawili wanene. Mama akanusa. "Mwanaima, nani kaunguza mboga?" Hakuna aliyeunguza mboga, zilikuwa breki. Mwanaima akakanyaga, pedali ikaenda mpaka sakafuni kama imekanyaga uji, na gari likaendelea na safari zake. Likaacha njia, likaingia kwenye ufuta wa Mzee Klementi uliokatwa na kusimamishwa ukauke, likaangusha mafungu yote mpaka mwisho wa shamba, ndipo likatulia. Hakuumia mtu. Bi Mwanaasha alitoka na ufuta kwenye nywele, ufuta kwenye masikio, pilau begani, akanyoosha kidole.

"Wallahi, gari hili sipandi tena!"

Na Bi Mwanaasha si mtu wa kuapa kwa mazoea. Tangu siku hiyo akija Tingi anakuja kwa bodaboda, ameketi upande, mkoba mapajani, anapita mbele ya kile kigari chekundu bila kukitazama. Tingi ikapata la kusema mpaka ikavimbiwa. Mwana ana gari, mama mzazi anabebwa na bodaboda! Mwanaima alikuwa akishona huku akiyasikia, na sindano ilimchoma zaidi mwaka ule kuliko miaka yote ya ufundi wake.

Halafu ikaja harusi. Maftaha, mtoto wake wa kiume, amepata mchumba Lindi mjini, na upande wa mume lazima usafiri. Bi Mwanaasha akatangaza kuwa atakwenda kwa basi. "Siwezi kukosa kumwona mke mwenzangu," alisema, maana Maftaha ni mjukuu, na mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. "Lakini kwa basi."

Mwanaima akalipeleka gari kwa Leonadi, fundi mwenye gereji karibu na barabara ya lami, Mmakonde wa maneno machache na mikono myeusi. Leonadi akavua tairi la mbele, akachungulia, akacheka puani.

"Mama Maftaha, gari hili aliyekuwa nalo kwanza alilitia injini kubwa?"

"Ndivyo alivyojisifu."

"Na breki akaacha zilezile lilizozaliwa nazo. Injini ya chui, breki za paka. Njia tambarare linasimama. Likishuka mlima na mzigo, breki zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, pedali inakuwa bwete."

"Mwaka mzima nalaumiwa mimi mguu mzito!"

"Mguu wako hauna kosa. Tuziondoe hizi, tuweke za gari kubwa: diski pana, pedi nene, kalipa kubwa." Kalipa ndiyo lile kono la chuma linaloibana diski tairi isizunguke. "Na nyuma nako tuweke diski. Likikanyagwa litasimama hata kwenye utelezi wa bamia."

Vifaa vikaagizwa Dar es Salaam, vikaja na basi ndani ya mfuko wa sulufeti. Leonadi akafungua, akafunga, akakaza. Diski zilikuwa pana, zinang'aa kama sinia za harusi. Mwanaima akazipitishia kiganja kwa raha. Kisha Leonadi akanyanyua tairi airudishe mahali pake. Haikuingia. Akaigeuza. Haikuingia. Akaipiga teke. Kalipa mpya ilikuwa kubwa, inagusa ubavu wa rimu kwa ndani, tairi inabaki nje kama mgeni aliyekosa nafasi kwenye mkeka.

"Leonadi," Mwanaima akasema taratibu, na taratibu yake ni mbaya kuliko kelele. "Ulipima?"

"Kwa macho, Mama."

"Kwa macho! Mimi nikimkatia bibi harusi gauni kwa macho, atatoka nyumbani kwangu kwapa limepasuka. Lete boksi."

"Boksi la nini?"

"Lete boksi na mkasi, usinichoshe."

Akachuchumaa mbele ya kile chuma, akakata boksi kidogo kidogo, anajaribisha, anapunguza, mpaka likakaa juu ya kalipa sawasawa, kama anavyokata patani ya mkono wa blauzi. Akaongeza upana wa kidole kimoja. "Hii ya kupumulia," akamwambia Leonadi. Akalibana kwapani, akapanda bodaboda kwenda Nangurukuru njia panda, yanakosimama magari ya kila namna.

Huko aliwapa watu kazi ya kutazama. Mama mtu mzima, mtandio kichwani, anachuchumaa kwenye tairi za watu na kipande cha boksi, anakipitisha ndani ya rimu, anasonya, anahamia gari jingine. Dereva mmoja wa teksi, Huseni, akashindwa kujizuia.

"Mama, unalikatia gari suruali?"

"Naikata sanda yako, ukizidi kucheka. Hizi rimu zako vipi, boksi langu limeingia lote?"

"Hizi? Ninazo nyingine kama hizi nyumbani, na tairi zake. Za gari nililouza. Zinalaliwa na kuku."

Kicheko cha Mwanaima kikaanza hapo. Wakaenda kwa Huseni, kuku wakafukuzwa, patani ikapita kwenye rimu zote nne bila kukwaruza, na matundu ya nati yakalingana. Huseni hakutaka fedha. Alitaka kanzu yake na za watoto wake wa kiume, za sikukuu, na za watoto ziwe na darizi kifuani. "Na usinipime kwa macho," akasema.

"Nitakupima kwa boksi," akajibu Mwanaima.

Siku tairi zilipoingia, Leonadi alizikaza, akafuta mikono. Alilichukua lile boksi, akalitundika ukutani kwenye gereji yake, juu ya kalenda.

Ikabaki kutoa upepo kwenye breki. Leonadi akaingia chini ya gari, akaanza na tairi la nyuma lililo mbali kuliko yote, Mwanaima kwenye usukani akikanyaga. "Kanyaga! Shika! Achia!" Lakini mguu wa cherehani una mazoea yake, ukiuambia kanyaga, unakwenda hadi pindo liishe.

"Mama Maftaha! Hushoni pazia huko! Kanyaga, halafu tulia!"

"Sema basi, unanong'ona kama uko edani!"

Wakaelewana. Vipovu vikatoka, kisha mafuta matupu, na pedali iliyokuwa uji ikaanza kujibu chini ya unyayo, ngumu, ya heshima. Leonadi akatoka na usia: asizishtue pedi mpya siku ya kwanza, azizoeze polepole, simama kidogo, enda kidogo, zishikane na diski. "Kama ndoa changa," akasema. Mwanaima akazizoeza barabarani jioni ile nzima, huku anaimba.

Ikawa siku ya Mitole. Alikwenda na Leonadi na magunia mawili ya mchanga nyuma, yawe badala ya wale majirani wanene. Chini ya mteremko, pale gari lilipoacha njia mwaka jana, mama alikuwa amesimama. Na pembeni yake Mzee Klementi, mikono kiunoni, mgongo ameupa ufuta wake kama kuku anayelinda vifaranga.

"Shikamoo, Mzee Klementi!"

"Marahaba. Mwaka jana ulinivunia, mwanangu, bila kualikwa. Mwaka huu nimekuja kusimamia mwenyewe."

Bi Mwanaasha hakuingia kwenye utani. Alileta kiti cha plastiki kutoka uani kwa Klementi, akakiweka katikati ya njia, akavua kanga yake ya juu akaitandika kwenye mgongo wa kiti. Kisha akarudi pembeni, mbali.

"Kiti hicho ndiyo mimi," akasema. "Ukikigusa, umenizika. Panda juu uje."

Mwanaima akapanda juu. Akageuza. Kutoka kule kiti kilionekana kidogo, cheupe, na kanga inapepea kama mama anapunga mkono. Akaachia gari. Likachukua kasi, magunia yanasukuma, na alipofika kwenye mpapai, alikozoea kuanza kuhangaika na breki mapema, akakanyaga kwa nguvu zake zote.

Gari likasimama kama limepigiliwa msumari. Leonadi akabusu kioo. Kiti kilikuwa bado mbali kule chini, na kuku wawili wamekaa kuzungumza chini yake.

"Nini sasa?" mama akapaza sauti. "Breki zinaogopa kiti tangu huko? Njoo!"

Klementi alikuwa anacheka hadi ameshika magoti. Mwanaima akaachia tena. Safari hii aliuacha mpapai upite, akaiacha mihogo ipite, Leonadi akaanza kumwita Bikira Maria kwa Kimakonde, na kiti kikawa kikubwa, kikubwa zaidi, maua ya kanga yakahesabika. Akakanyaga. Si kwa hofu, kwa kukata, kama mkasi unaojua unakwenda wapi. Gari likainama pua, likatulia. Kati ya bampa na kiti kuku angepita, na kweli alipita.

Bi Mwanaasha akaja, akainama kwenye tairi la mbele, akanusa kwa muda mrefu. Akazunguka, akanusa la pili.

"Hainuki mboga," akasema. Kisha akakalia kiti chake palepale njiani. "Gari limetubu. Limebaki la mdomo wangu."

"Mama, si ungesema tu..."

"Niseme nini? Niliapa kwa jina la Mungu, siyo la Klementi. Kiapo kina kafara yake. Nitalisha masikini kumi, halafu nitapanda. Klementi! Una kunde?"

"Ninazo. Na mimi nimo kwenye kumi?"

"Wewe mwenye shamba hili lote? Wewe utaleta kunde."

"Na mimi, Bibi?" Leonadi akauliza, paji la uso limevimba kwa kubusu kioo.

"Una gereji. Utakula kama mgeni, na ukishiba useme Alhamdulillahi, hata kama kwenu hamsemi."

Siku ya pili yake moshi ulitoka uani kwa Bi Mwanaasha tangu alfajiri. Wali wa nazi, kunde za Klementi, samaki wa kukaanga. Masikini kumi walikula, na baada yao wakala wasio masikini, na baada yao Mitole yote, maana chakula cha kafara kinanukia kuliko chakula kingine chochote. Leonadi alisema Alhamdulillahi mara tatu, moja kwa kila sahani.

Kisha mama akavaa nguo ya harusi, akafungua mlango wa kigari chekundu mwenyewe, akakaa. Mwanaima akashusha gari kwenye mteremko wa Mitole taratibu, akigusa breki kama anayempapasa mtoto mgongo. Wakapita mpapai, wakapita mihogo, wakampita Klementi aliyesimama mbele ya ufuta wake akipiga saluti. Mama alitazama pale alipoanguka na muhogo wake, miaka ile.

"Kumbe kweli," akasema. "Nimeshuka nimekaa."

Macho ya Mwanaima yalikuwa na kazi nyingine.

Barabarani, kila walipokuta mteremko, mguu wa kulia wa Bi Mwanaasha ulikanyaga sakafu, akisaidia breki. Walipofika Kitomanga na kununua korosho, mguu ule ulikuwa umekunjwa kitini, umesahaulika. Baada ya Kitomanga akaanza kulitazama basi lililokuwa mbele yao.

"Mwanaima, lile linatuzidi nini?"

"Mama, si ndilo ulilotaka kupanda?"

"Usinijibu. Breki hizi tumeziweka za nini kama tunatambaa?"

Mwanaima akaangalia mbele, njia nyeupe, akalipita basi kwa sauti ya nyuki wote wa Tingi, na mama akawapungia abiria kwa mkono wenye korosho.

Lindi waliwakuta kinamama wa upande wa mume wamekwishapanga mistari, ngoma inalia, vigelegele vinapasua masikio. Mwanaima akaja, akakanyaga, gari likatulia sawasawa mbele ya jamvi, chini ya dirisha la bibi harusi, vumbi halikumgusa mtu. Watu wakakimbilia kumfungulia bibi mlango. Bi Mwanaasha akaushika mlango kwa ndani, akaufunga.

"Zunguka tena," akamwambia mwanawe. "Mke mwenzangu hajanitazama vizuri nilivyokaa."

Mwanaima akazunguka.