Niliandika Lengo Linalopimika, Likaniponza

Mhariri, jina langu lifiche, na shule usiitaje kabisa maana huku Bariadi tunajuana. Mimi ni mwalimu wa kike, nina miaka ishirini na mitatu, kwetu ni Lalago. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Nafundisha darasa la tatu kijijini, upande wa Zagayu. Sijathibitishwa kazini, na kwa hali ilivyo sidhani kama nitathibitishwa.

Chuoni tulifundishwa kwamba lengo la somo liandikwe kwa kitendo unachoweza kukiona: mtoto ataje, asome, apime. "Aelewe" walitukataza, kwa sababu kuelewa hakuonekani kwa macho. Nami nikaamini, mjinga mimi! Kwenye andalio la somo la uzito nikaandika: hadi mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kusoma kilo kwenye mzani. Niliona nimepatia hasa, maana siku hizi ushirika hauko peke yake, wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa vijijini, kila mmoja na mzani wake, na wazazi wetu wanapunjwa mchana kweupe.

Shule haina mzani. Nilikwenda kwa mnunuzi mmoja kuomba watoto wauone wa kwake, karani wake akanijibu, "Mzani wangu si wa watoto kuchezea." Basi nikauchora ubaoni, ule wa mshale, mshale nikauweka kwenye ishirini na tano.

Siku hiyo hiyo akaingia mkaguzi wa shule. Akasoma andalio langu, akamwinua binti mmoja, nimwite Kabula. "Kilo ngapi?" "Ishirini na tano!" Nikapumua. Mkaguzi akafuta mshale, akauchora kwenye arobaini. Kabula akajibu kwa furaha ile ile, "Ishirini na tano!" Akainuliwa mwingine, naye ishirini na tano. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Chumba cha pili, mwenzangu wa siku nyingi kazini alikuwa ameandika "wanafunzi waelewe uzito". Mkaguzi akawauliza, "Mmeelewa?" Wakaitikia "Ndiyooo!" mpaka bati likalia. Mwenzangu akasifiwa. Mimi nikaandikiwa kwamba lengo halikufikiwa, na nitakaguliwa tena kabla ya kuthibitishwa.

Mwalimu mkuu akaniita pembeni. "Binti, nani alikutuma uandike kitu ambacho mtu anaweza kukipima? Andika waelewe, upate kazi yako. Hapa wote tumepita hivyo hivyo." Hakuwa na ukali. Alikuwa ananihurumia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikabaki na Kabula baada ya masomo. Jamani! Mtoto hajui namba kupita kumi. Tangu darasa la kwanza amekuwa "akielewa" kwenye maandalio ya watu. Lengo la kweli kwake ni kuhesabu hadi ishirini, lakini nikiliandika hilo kwa darasa la tatu nitaambiwa sifuati muhtasari. Nimejaribu kumfundisha kila jioni, nyumbani wanamhitaji, anaondoka mbio.

Jana mama yake alikuja, tukaamkiana kwa Kisukuma, nami nikamwita mayu, yaani mama. "Mwangaluka, mwalimu." "Mwangaluka, mayu." Akanieleza kwamba wamegombana na mumewe, kwa sababu yeye mama amekataa Kabula akose shule kwenda kuchuma pamba. "Nimemwambia baba yake, huyu ndiye macho yetu. Tukimaliza kuchuma tunapeleka, na safari hii Kabula atausoma mzani mbele ya karani. Amejua, si ndiyo mwalimu?"

Alikuwa anacheka, mama wa watu. Nikamjibu, "Ameelewa, mayu."

Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Mwalimu mkuu anasubiri andalio jipya asaini. Nikiandika ukweli, sina kazi. Nikiandika waelewe, Kabula anapanda darasa la nne hivyo alivyo, na huko hakuna atakayerudi kumfundisha kumi na moja.

Wasomaji wenzangu, walimu mliotangulia, nishikeni mkono. Niandike nini? Na yule mama, nimwambie nini kabla hajamsimamisha mwanawe mbele ya mzani, watu wote wakimsikiliza?