Mtani wa Baba

Baba yangu alikuwa Mmakua, mzaliwa wa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye nchi ya Mreno. Alikuja Temeke angali kijana, akamwoa mama, Mzaramo wa hapohapo, akajenga. Jirani yetu, naye Mzaramo, wakawa watani na baba. Kila asubuhi akipita uani: "We mtumwa wa Mreno, hujarudi kwenu tu?" Baba hujibu: "Narudi, ila na mkeo namchukua." Basi hapo vicheko! Jirani alipofiwa na mama yake, baba ndiye aliyechimba kaburi, akajilaza humo akidai hatoki mpaka apewe kuku. Na kuku akapewa.

Wakati wa vita vikuu vya pili chakula kilikuwa haba mjini, serikali ikawa inawarudisha makwao wanaume wasio na kazi. Baba alikuwa kuli bandarini. Gunia lilimvunja mguu, akaachishwa kazi. Siku moja karani akaja na askari, akamuuliza jirani: huyu ni wa hapa au mgeni?

Jamani, mdomo ule! "Huyu? Kaja juzi tu, kaogelea Ruvuma. Mtumwa wangu huyo, mchukueni nipumzike!" Baba akacheka. Sie sote tukacheka. Karani hakucheka, na yeye mwenyewe alikuwa na miezi tu tangu aje Dar kutoka bara. Askari wakamshika baba mkono.

Jirani aliwafuata mpaka bomani, analia, anaapa kwamba ulikuwa utani. Nani amsikilize? Mama naye akaenda. Akaambiwa mumewe ni mtu wa Mreno, na mke ni wa kwao mume. Akimtaka, apande naye lori, yeye na watoto. Mama, ambaye hata bibi yake kazaliwa Temeke!

Siku ya lori tulifunga mizigo. Nilifurahi, mjinga mie, kwamba tunasafiri na baba. Mama alishaweka mguu mmoja juu, mdogo wangu mgongoni, baba akamzuia.

"Shuka, mama watoto. Huko nako watauliza watoto hawa ni wa wapi. Waache wawe na kwao."

Mama akakataa. Baba akamwomba tena. Mama akashuka, akanishika mkono, akanishika kwa nguvu mpaka nikalia. Baba hatukumwona tena.