Vikangaga vya Gesti na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Kujua tofauti ya vikangaga viwili kulinigharimu jogoo mmoja, zawadi nyingine za ukweni, nauli ya Kibosho kwenda na kurudi mara mbili, na nusu ya mteja. Nimehesabu tena, ni hivyo hivyo. Nusu ya mteja iliyobaki ilikuwa ile ya kusema.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa imelala chali, na kila mtu ameruhusiwa kuwa mfanyabiashara, hata asiye na cha kuuza. Wenzangu waliuza mitumba. Mimi niliuza maua kwenye makopo, kando ya barabara mjini Moshi. Mteja wangu wa maana alikuwa mmoja: mama mwenye gesti mpya karibu na hospitali ya Mawenzi, aliyetaka vikangaga kwenye kona ya mapokezi, pale jua halifiki. Kikangaga hakitoi ua wala tunda, na huko mlimani kinaota bure kwenye mawe ya vijito. Mtaji wake ni mgongo tu.

Mzigo wa kwanza ulistawi. Wa pili ulikua kwanza, kisha ukakauka kabla sijamaliza kula faida yake. Akaniita.

“Mdogo wangu, hawa umeniletea wagonjwa.”

“Ni hewa ya mjini, dada.”

“Hospitali ni hapo juu, wapeleke. Na wale wa kwanza wanavuta hewa ya wapi?”

Nikajifanya nafuta vumbi kwenye kopo. Akaniambia kuna duka limeleta vikangaga vya plastiki kutoka Dubai: havinywi maji, havifi, na muuzaji wake hana maneno mengi. Nikapewa nafasi moja ya mwisho.

Nikapindua majani. Vilivyopona vilikuwa na vistari vya kahawia chini ya jani, vimelala mshazari. Vilivyokufa vilikuwa vimekunja ukingo wa jani, kama sketi iliyopindwa na fundi. Ukivitazama juu ni mapacha: kijani kile kile, kikonyo cheusi kile kile. Nikajiona profesa, nikapanda gari kwenda Kibosho kwa mama mkwe, kwenye kijito nilikovichuma.

Uprofesa uliishia pale. Vikangaga vichanga, vile vinavyokubali kuhamia kwenye kopo, havina vistari wala pindo. Chini kijani, juu kijani. Vikubwa vyenye alama ukiving'oa vinakufa vyote, kwa hasira nadhani. Nikauliza majina. Watu wa kule watakutajia ndizi gizani kwa kupapasa tu: hii mshare, hii kitarasa, hii mrarao. Vikangaga vyote walivipa jina moja, na maana yake ni majani ya kumtandikia ng'ombe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Leo umekuja kuuza na kijito?”

“Natafuta elimu tu, mama.”

“Elimu iko zizini. Nikimtandikia ng'ombe hayo, kimoja anakila, kingine anakipulizia pua.”

Tukajaribu na vikubwa vyenye alama. Ng'ombe akala vyenye pindo, akaviacha vyenye vistari. Nikarudia, maana hesabu yangu haifungwi mara moja. Na yeye akarudia.

Mkwe haendi mkono mtupu. Safari hiyo nilipeleka jogoo. Ya pili, nilipokwenda kuchuma vichanga, nilipeleka nusu gunia la pumba, kwa heshima ya mtaalamu mwenyewe. Mama mkwe akamwekea ng'ombe pale pale mbele ya macho yangu, nisije nikasema zawadi yangu imedharauliwa. Nikashuka kijitoni. Niliporudi nikampa ng'ombe kimoja kimoja. Akakataa cha kwanza. Akakataa cha pili. Akakataa vyote, nami nikashukuru bahati yangu: nimechuma vizima vitupu! Njiani nikavihesabu mara mbili. Pumba sikuzihesabu.

Gestini nusu vikakauka.

“Mdogo wangu, hivi nani anakuchagulia?”

“Kuna mtaalamu, dada. Yuko Kibosho.”

“Mwambie awe anakula kwanza ndipo afanye kazi.”

“Tatizo lilianzia hapo hapo, dada.”

Hakucheka. Akasema Ijumaa anakwenda kwa yule wa Dubai. Nikimletea kabla ya hapo vya kujaza kona yake, vyote vya aina inayopona, ataacha kwenda. Kimoja kikigeuka rangi, tusijuane.

Jioni ile nilikaa jikoni namtazama mke wangu akimenya ndizi, mpaka akauliza nina nini.

“Mama watoto, nishauri. Kesho naingia kwa mama yako mikono mitupu, maana mfuko umekauka, halafu namwomba ng'ombe wake ashinde na njaa mpaka nimalize. Maneno hayo mkwe anaanzaje kuyasema?”