Kurasa Nne Tupu za Zipporah

Ukipita nyuma ya soko la Kakamega asubuhi ukasikia tak-tak-tak ya haraka, na juu yake mwanamke anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya pili ilhali hakuna wa kumwimbia ya kwanza, ujue huyo ni Zipporah Kageha. Mimi ni fundi cherehani wa baraza hiyo hiyo ya maduka, mlango wa pili, na huu ni mwaka wa kumi na tisa ninamsikia. Sijachoka. Ningechoka ningesema, maana mimi si mtu wa kumeza maneno.

Zipporah, ambaye sisi wa barazani humwita Mama Mike, huendesha mashine ya kuchapa katika duka la Bwana Wandera. Si hizi mashine ndogo za siku hizi zinazomeza karatasi moja moja. Yake ni leza ya zamani, kubwa kama kabati la vyombo, na karatasi yake ni moja ndefu isiyokatwa, iliyokunjwa kwenda na kurudi ndani ya boksi, yenye matundu pembeni kushoto na kulia. Meno ya mashine hushika matundu hayo na kuivuta karatasi ndani. Inapita kwenye ngoma inayoipaka wino wa unga kwa umbo la herufi, kisha inasafiri hadi kwenye rola mbili za moto zinazouyeyusha unga ule hadi ukashika. Hapo ndipo maandishi huwa maandishi. Kabla ya hapo ni vumbi tu lililokaa kwa adabu.

Nimeyajua haya kwa sababu Zipporah huyaeleza hata usipomuuliza. Amewahi kunieleza mbele ya mteja aliyekuja kupimwa suruali, na mteja akasahau suruali.

Lakini mashine ile ina dosari moja. Kati ya ngoma na rola za moto pana umbali wa kurasa nne. Kazi ikiisha, ukurasa wa mwisho unakuwa umepakwa unga lakini haujafika motoni, na mashine yenyewe haijui kurudi nyuma. Ili uutoe, lazima uisukume karatasi mbele, na nyuma ya ukurasa huo zitoke kurasa nne tupu. Kila kazi, kurasa nne. Wandera ni mtu mwema, tumekula naye matanga na harusi, ila mkono wake ni wa birika, na zile kurasa nne zilikuwa zinamkosesha usingizi.

“Mashine gani hii,” alikuwa akilalamika, “inakulanga hata ikishashiba?”

Mwaka huu kazi zilipungua. Shule zilizokuwa zikileta orodha za mitihani zikanunua mashine zao ndogo. Jumatano moja asubuhi Wandera akatangaza kwamba amekubaliana na Kibiwott, mnunuzi wa vyuma chakavu, aje kuibeba mashine Jumamosi. Zipporah angewekwa mbele dukani apokee wateja na kuuza bahasha. Hakubishana. Aliacha kuimba tu. Siku hiyo nilishona mkono wa blauzi ya kwaya ndani nje, nikagundua mwenyewe ilipovaliwa, na sioni haya kusema kwamba nililia kidogo.

Jumatano hiyo hiyo akaingia mama mmoja mnene, mchangamfu, kutoka Khayega, jina lake Maximilla, katibu wa mkutano wa ukoo wao. Alikuja na Ashley, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi minane na kifaa kidogo cha kompyuta mkononi. Ndani yake Ashley alikuwa ameandika majina ya ukoo mzima, kuanzia babu wa kwanza aliyefyeka msitu hadi watoto wa chekechea.

“Nimezunguka taoni yote,” Maximilla alisema akijipepea na leso. “Kila mahali wananiambia watanipea makaratasi moja moja nishikanishe na selotepu. Sasa niulize, ukoo inashikanishwanga na selotepu?”

Alitaka karatasi moja tu, isiyokatwa popote. Siku ya mkutano, Jumamosi ya wiki iliyofuata, ingetandazwa kuzunguka uwanja, na kila nyumba isimame kwenye ukurasa wake na kuushika. Ikikatika, alisema, watu watauliza ni nyumba gani imekatwa, na hapo mkutano utageuka kesi.

Wandera akakuna kichwa. Mashine ya namna hiyo mjini aliijua moja tu. “Sawa,” akamwambia Zipporah. “Chapa Ijumaa. Ikitoka mzima, nitafikiria tena mambo ya Kibiwott. Ikiraruka hata mara moja, Mama Mike, Jumamosi inaenda.”

Kabla hawajaondoka, Ashley alimwomba mama mkwe wake jambo kwa sauti ya chini: je, hawawezi kuweka hata mstari mmoja wa huyu aliye tumboni? Maximilla akatikisa kichwa, si kwa ukali. “Hapana, mama. Mwenye hajazaliwa hatumuandikanga. Ni kumuita kabla afike mlangoni.” Ashley akaufunga mkoba wake taratibu. Nilimhurumia, lakini mila ni mila.

Alhamisi nzima Zipporah alishughulikia karatasi. Hapa kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na karatasi hunywa unyevu kama chumvi. Ikilegea, matundu hupasuka kwenye meno na karatasi huenda upande. Alilifungua boksi asubuhi jua likiwaka, akaipepeta karatasi mkunjo kwa mkunjo kama anayepepeta wimbi, akaifunika kabla ya wingu la kwanza. Ijumaa saa mbili asubuhi akaiwasha mashine. Wandera alisimama mlangoni, Maximilla na Ashley wakakaa kwenye benchi, na mimi, ambaye sikuitwa na mtu, nikaingia na futi yangu shingoni.

Tak-tak-tak. Majina yakaanza kutoka: Osiako, Makhanu, Osiako tena, maana wajukuu huitwa majina ya waliotangulia, kisha Osiako wa tatu. Zipporah hakutazama karatasi. Alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza, na taratibu akaanza kuimba ile sauti yake ya pili. Ukurasa wa ishirini ukapita, wa arobaini ukapita.

Ukurasa wa sitini na moja, akanyamaza. Sisi wengine hatukusikia chochote. Akabonyeza kitufe, mashine ikasimama, rola za moto zikaachana zisiunguze karatasi. Akafungua mlango wa ubavuni: kweli, tundu moja la kushoto lilikuwa limechanika na karatasi imeanza kuinuka upande. Ashley akanyoosha mkono amsaidie.

“Usiguse!” Zipporah akasema. “Hao hawajapita kwa moto, bado ni unga. Ukipiga chafya hapo, umemaliza nyumba nzima.”

Nikaziba pua yangu kwa mikono miwili. Zipporah akaishika karatasi kwa kucha pembeni kabisa, mahali pasipo na jina la mtu, akayarudisha matundu yaliyofuata kwenye meno, akafunga, akabonyeza. Tak-tak-tak. Wandera akatoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu Jumatano.

Ukurasa wa tisini na mbili ulikuwa wa mwisho. Zipporah akaisukuma karatasi, ukapita motoni na kutoka salama, majina meusi yanang’aa. Hakuna mahali palipokatika. Nyuma yake zikatoka, kama kawaida, kurasa nne tupu.

Na kama kawaida Wandera hakuweza kujizuia. “Umeona? Haya ndio mambo nasemanga. Mzima sawa, lakini angalia hasara!” Akazikunja zile nne penye mstari wa mkunjo, tayari kuzichana.

“We Wandera!” Ashley alikuwa amesimama, mkono tumboni. Sikujua ana sauti kubwa hivyo. “Ukikata hapo, huyu atakaa wapi?”

Maximilla akatazama zile kurasa, akatazama tumbo la mke wa mwanawe, kisha akaanza kucheka, kicheko kilichomtoka ndani kabisa, akapiga kigelegele palepale dukani. “Kumuandika ndio tumekatazwa,” akasema. “Hakuna mwenye alitukataza kumwekea kiti!”

Wandera akaiachia karatasi polepole. Jumamosi Kibiwott alipokuja na mkokoteni, aliambiwa arudi mwezi ujao, tutaona.

Ashley alijifungua Alhamisi iliyofuata, mtoto wa kike. Mkutanoni Khayega, Zipporah alialikwa kushika mwisho wa karatasi kwa mikono yake, na mimi nilijialika. Watu walizunguka uwanja wote, kila nyumba na ukurasa wake, na walipofika kwenye ule mweupe wa kwanza Maximilla akaandika jina la mtoto kwa kalamu, juu kabisa: jina la nyanya aliyekwisha kutangulia. Wanawake walituimbia mpaka nikasahau kiatu changu kimoja kwenye tope.

Jumatatu wakaja wazee watatu kutoka Shianda, na kofia zao mkononi.

“Tumesikia wale wa Khayega waliwekewa kurasa nne za watoto wenye watakuja,” akasema mmoja. “Sisi tuwekee kumi. Sisi tunazaanga.”

Nilimtazama Wandera. Alitoa simu mfukoni, akampigia Kibiwott, akamwambia asije tena, si mwezi ujao wala mwaka ujao. Kisha akawageukia wale wazee kwa uso wa huruma.

“Kumi tu?” akauliza. “Wazee wangu, kweli zitawatosha?”

Huku nyuma, Zipporah alikuwa ameshaanza kuimba.