Jogoo Aliyechagua Tochi

Shemeji yangu Mwaija alitumia siku nzima kuchagua tochi moja, na mimi nikamcheka siku hiyo nzima. Nakiri mapema, kabla mtu hajaniumbua. Naitwa Mdoe, fundi redio na simu hapa Chanika, Handeni. Vitu vya betri ndivyo vinavyoniweka mjini. Yeye ni dada mkubwa wa mke wangu Tatu, na kazi yake ni kuku. Sasa niambie, kati yetu wawili nani alistahili kumfundisha mwenzake habari za tochi?

Mwaija hununua kuku wa kienyeji vijijini na kuwapeleka Korogwe kila Alhamisi. Ana miaka kumi na tisa katika kazi hiyo, tangu alipofiwa na mumewe, na ni kuku hao waliosomesha watoto wake watatu. Kuku wa huku kwetu hafungiwi. Akishatoka bandani asubuhi amekuwa wa porini, utamkimbiza mpaka ndala ikatike. Kwa hiyo mnunuzi hufika kabla ya adhana ya alfajiri, mwenye nyumba anafungua kimlango cha banda, naye anaingiza kichwa pamoja na taa. Lazima aone jicho linalotoa machozi, kilemba kilichobadilika rangi, kinyesi cha kijani kilichoganda chini ya mkia. Kuku mmoja mwenye mdondo akipenya kwenye tenga, safari hiyo utashusha mizoga.

Na kweli siku moja walipenya. Mwaija alikuwa akimulika kwa simu yake ndogo aliyoing'ata kwa meno, taa yake hafifu kama imeombwa. Kuku wanne wagonjwa wakafika kwa Elina, Msambaa wa Dindira mwenye hoteli ya chakula pale Kilole, mteja wake kwa miaka kumi na mmoja. Elina akawachanganya na wa kwake. Wiki haikuisha, banda lote likawa tupu.

Elina hakugomba, na hilo ndilo lililomchoma Mwaija zaidi. Alimwambia tu, "Dada, mwanangu Pendo anaolewa mwezi ujao. Nahitaji kuku arobaini, na nitawachukua kwako kwa sababu tumetoka mbali. Nitawaweka uani siku tano kabla hawajachinjwa. Akisinzia hata mmoja, usirudi tena hapa kwangu."

Mwaija alirudi Handeni na sharti hilo. Unajua Korogwe watu wanavyozungumza. Elina akikuacha, hoteli zote za Kilole zimekuacha. Akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu. "Shemeji, nataka tochi. Iwe na mwanga mkali, na idumu."

Nilijisikia mkubwa siku hiyo. Nikampeleka kwenye gulio, kwa mchuuzi aliyetandaza vitu vyake kwenye turubai. Nikazipima tochi mkononi moja baada ya nyingine, nikachagua ya bati nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. "Kitu imara huwa kizito," nikamwambia kifundi kabisa. Mwaija naye akaipima kiganjani, akaipandisha na kuishusha, kama anavyopima mtetea. Akatikisa kichwa kukubali. Sisi huku hatuna mizani kwenye biashara ya kuku. Mkono ndio mizani, na mkono ulisema ndiyo.

Tochi ilikaa alfajiri tatu. Siku ya nne ikatoa mwanga wa bluu wa kutisha, ikakoroma mara mbili, ikafa. Mwaija akaitupa mezani kwangu. Nikafungua skrubu nikiwa najiandaa kulaumu swichi. Ndani kulikuwa na betri moja nyembamba, na chini yake kipande cha saruji kilichosuguliwa vizuri mpaka kikaingia kamili.

Nilitamani ardhi inimeze. Mwaija akakipima kile kipande kiganjani, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, tumeuziwa kuku wa pumba!"

Ngoja nieleze, maana hapo ndipo alipozaliwa upya. Wapo wafugaji wajanja ambao, wakisikia mnunuzi anakuja, huwalisha kuku pumba na maji mpaka kifuko cha chakula pale shingoni kinavimba. Ukimwinua, ni mzito. Ukimchinja, umenunua pumba. Mwaija hajanaswa kwa hila hiyo tangu mwaka wake wa kwanza, kwa sababu kila kuku humpapasa shingo kabla ya kuuamini uzito wake. "Na hii tochi sikuipapasa," akasema. "Mganga hajigangi. Kesho nakwenda kununua tochi kama ninavyonunua kuku, na wewe utakuja kubeba."

Nilidhani nitabeba tochi. Kesho yake akanikabidhi jogoo.

Tukaingia dukani kwa Ukasha, nami nimemkumbatia jogoo mwekundu mwenye afya na hasira. Wateja walitupisha. Mwaija akaomba tochi tano za kuchaji, kila moja akaitikisa sikioni, akaifungua kitako, akaangalia betri. Mbili zikarudi rafuni palepale. Zile tatu akaingia nazo stoo, akaniita na jogoo wangu, akafunga mlango. Giza likawa giza.

Akamulika kilemba kwa ya kwanza. Jogoo mzima, niliyemwona kwa macho yangu nje akiwaka kama pilipili, akaonekana na kilemba cha zambarau kama mgonjwa wa kesho kuzikwa. "Inasingizia," Mwaija akasema. Ya pili ilikuwa kali zaidi, mpaka jogoo akanipiga teke la tumbo, lakini nayo ilimtia ubuluu. Miye nilikuwa nimeshaisifia kwa ukali wake. Ya tatu mwanga wake ulikuwa mweupe uliotulia, na kilemba kikawa chekundu, chekundu kilekile cha juani.

"Ukali si kitu kama unasema uongo," akasema.

Ukasha alikuwa amechungulia mlangoni. "Mama, unanunua tochi au unaposa?"

"Mume nilimpata bila kumchunguza hivi, na alikuwa mwema. Tochi sina bahati nazo. Lete ndoo ya maji."

Ikazamishwa yote ndooni ikiwa inawaka, ikawaka humohumo. Kisha akasimama katikati ya duka, akanyoosha mkono wenye tochi usawa wa bega juu ya sakafu ya saruji. Ukasha akapiga kelele, "Ikivunjika je?"

"Ikivunjika nitalipa. Isipovunjika nitanunua. Wewe hupotezi kitu."

Ikaanguka. Ikabiringika mpaka chini ya magunia ya sukari, bado inawaka. Watu wakapiga makofi. Jogoo akawika mikononi mwangu. Bado hakununua. Aliiweka inawaka stoo kuanzia adhuhuri, akaenda kuswali, akapika, akarudi alasiri. Mwanga ulikuwa palepale. Ndipo akafungua kifundo cha khanga.

Harusi ilipokaribia nilimfuata na pikipiki, matenga mawili nyuma. Nyumba za kwanza zilikwenda vizuri. Nilisimama pembeni nikamwona akifanya kazi: jicho, mdomo, kilemba, mkia, shingo, kisha uzito mwisho kabisa. Mpaka alfajiri ya mwisho alikuwa na thelathini na watatu, na nyumba iliyobaki ilikuwa ya Mzee Athuman, ambaye kuku wake husifiwa vijiji vitatu.

Mzee Athuman alifungua banda mwenyewe. Walikuwa kumi na wawili, wanene, wamejipanga. Mimi nikaanza kufungua kamba za tenga. Mwaija akamulika mara moja, akarudia, akabaki ameinama. Kisha akatoka.

"Mzee, sitawachukua."

"Yupi ana kasoro?"

"Yule mtetea wa kona. Jicho lina povu, na chini ya mkia kuna kijani. Wenzake wanalala naye."

"Mwaija, mimi nafuga kuku tangu wewe hujazaliwa! Unakuja kunidharau nyumbani kwangu kwa kitochi?"

"Siwezi kukudharau, mzee wangu. Mtenge leo hii, nakuomba."

Nilimvuta kando. Nikamwambia achukue saba tu, awaache wa karibu na kona, Elina alitaka arobaini. Aliogopa, sikufichi, lakini akanijibu, "Elina akinifukuza kwa upungufu, nitajua nimefukuzwa nikiwa mkweli. Washa pikipiki." Mzee Athuman alifunga banda kwa kishindo.

Kule Kilole, Elina alihesabu hadi thelathini na tatu, akatutazama. Mwaija akaeleza. Elina akasema, "Siku tano," akaingia jikoni. Hata chai hatukupewa.

Siku hizo tano shemeji yangu hakula vizuri. Siku ya tatu tulisikia kuku wa Mzee Athuman wamekufa wote, na hakufurahi hata kidogo. Siku ya tano alikuja kukaa kibandani kwangu, simu mapajani. Ilipoita, akaniomba niweke sauti ya nje.

"Dada Mwaija."

"Abee."

"Wanakula."

"Wote?"

"Wote thelathini na watatu. Majogoo wako wananiamsha saa tisa, wananichosha. Leta saba waliobaki, na wewe mwenyewe uje na gauni la kuvalia harusini. Meza yako iko mbele, karibu na mama yangu."

Mwaija akaifunika simu kwa kiganja na kulia. Kisha akapiga kigelegele kimoja kirefu, na wanawake wa mtaa mzima wakaitikia bila kujua sababu. Mimi pia nilijaribu, nikachekwa.

Mwezi uliofuata Mzee Athuman alikuja Chanika kwa miguu, kofia mkononi. Alikuwa ameanza na vifaranga wapya. "Mwanangu," akasema, "njoo unimulikie." Mwaija akainuka mara moja, akampa shikamoo, akachukua tochi. Leo vijijini mtu hafungi tenga kabla hajauliza kama Mwaija ameshamulika, na nimesikia kwa masikio yangu mchuuzi wa Kilole, ambaye hata hamjui, akiapa kwamba kuku wake walimulikwa na Mwaija.

Juzi nilimwomba anipe ile tochi niifungue kidogo, nione fundi aliyeitengeneza alifanyaje. Akaisogeza upande wake wa benchi. Akakiokota kile kipande cha saruji, ambacho siku hizi nagandamizia karatasi zangu, akanitia mkononi.

"Anza na hiki, shemeji. Ukikielewa, nitakupa na hii tochi."