Chungu Kichwani, Ndama Mtumbwini

Baba mkwe wangu na mimi tuliishi kaya moja miaka mingi, na hadi leo sijui kama alikuwa na makengeza. Msinicheke. Kwetu Kyela mkamwana hamtazami baba mkwe, hatazamwi naye, wala hasemi naye. Ukisikia kikohozi chake njiani unarukia migombani, na kama una mtungi kichwani unaruka nao. Ukishikwa uso kwa uso naye, unarudishwa kwenu kwa aibu. Mchungaji wa misheni alishatuambia mambo haya hayana maana, na baba mkwe, ambaye kanisani alipiga magoti kuliko sisi sote, alikubali kila neno la mchungaji isipokuwa hilo.

Mimi kurudi kwetu nilikuwa sitaki hata kusikia. Kwetu ni ufukweni mwa ziwa, kwa Wakisi, watu wa samaki na vyungu. Mume wangu nilimpenda, na maziwa ya kwao pia nilikuwa nimeyazoea. Lakini baba mkwe, mtu wa ng'ombe wa huku Njisi, hakunitaka tangu mwanzo. Nilimsikia kwa masikio yangu, maana ukuta wa mianzi hauna siri, akimwambia mwanawe: "Umeniletea mtoto wa samaki! Jembe atalishika upande gani?" Nilikasirika mpaka ugali ukaungua.

Basi, ule mwaka mto ulipovunja kingo, mume wangu hakuwepo. Mdachi alikuwa amewachukua wanaume kubeba mizigo yake kwenda bomani huko milimani. Vijana waliobaki waliswaga ng'ombe kwenda mbali kwenye nchi kavu, na sisi wanawake tukapanda mwinuko ulio karibu, na watoto na kuku. Tulipofika, mama mkwe akageuka nyuma akapiga yowe. Mzee alikuwa amerudi kumchukua ndama wake mdogo. Sasa wamesimama wote wawili juu ya kichuguu, maji yamewazunguka, na yanapanda.

Kuogelea hajui. Mtumbwi ulikuwa mmoja, ule ambao ndugu zangu waliuacha walipoleta vyungu vya kuuza. Na wa kupiga kasia pale alikuwa mmoja tu, yule mtoto wa samaki. Mdharau mwiba mguu huota tende.

"Nenda, mwanangu!" akasema mama mkwe. Nikakimbia.

"Lakini usimtazame!"

Nikasimama. "Mama, nitampakiaje mtu nisiyemtazama?"

"Jifunike uso!"

Nijifunike kwa kitu gani? Mwilini nilikuwa na nguo moja tu. Ningeivua kufunika uso, ningekuwa nimeondoa balaa moja na kuleta kubwa kuliko hilo. Ndani ya mtumbwi kulikuwa na chungu cha pombe ambacho hakikupata mnunuzi. Nilipokaribia kichuguu, macho yangu yakiwa majini tu, nikakivaa kichwani. Kikashuka mpaka mabegani. Kilichobaki kuonekana kwangu ni magoti yangu mwenyewe.

 Kisha nikamsikia mzee, sauti ikitetemeka: "Ndama, je, unaona ninachokiona? Chungu kinapiga kasia."

Mimi nikasogeza mtumbwi tu. Kusema naye ni mwiko.

"Ndama," akaendelea, "tukipanda humo tutapata aibu. Tusipopanda tutakufa. Unasemaje?" Sijui ndama alijibu nini, ila mtumbwi uliyumba, nikajua wamepanda. Yeye akakaa mbele akanipa mgongo, akatazama maji. Mimi nyuma, nikatazama giza la chungu.

Tatizo likawa njia. Nilipiga kasia, tukagonga mgomba. Nikageuza, tukagonga paa la nyumba ya jirani. "Ndama!" mzee akafoka. "Mwambie mwenye kasia avute kulia! Kulia, ewe ndama, kulia!" Nikavuta kulia. "Sasa mwambie anyooshe." Nikanyoosha. Tukaanza kwenda vizuri, naye akafurahi, na kwa furaha akasimama mtumbwini kumpungia mkewe mkono. Maji yakaingia. Uvumilivu ukanishinda. Nikapiga kelele ndani ya chungu, masikio yakanivuma: "Ndama! Mwambie baba akae chini! Huu ni mtumbwi, si kichuguu!"

Akakaa upesi.

Tulipofika nchi kavu, chungu kikagoma kutoka. Masikio niliyopewa na Mungu yalikizuia. Mama mkwe akanigeuza kisogo kwa mzee, akakipasua kwa mpini wa jembe, wanawake wakanizingira na kanga zao. Nyuma yao nikasikia mzee akimwambia ndama, taratibu: "Ndaga. Ndaga fijo." Shukrani kubwa kuliko hiyo kwetu hakuna. Nililia, tena kwa sauti.

Tangu siku ile habari zetu zote zilipitia kwa ndama. Asubuhi mzee anasimama nje: "Ndama, uji wa jana ulikosa chumvi." Nami ndani, nyuma ya ukuta: "Ndama, chumvi alete yeye." Mchungaji alipita siku moja akasikiliza, akamwombea mzee afya ya akili. Nami nilijifunza kwamba watu wakitaka kupendana hawakosi mlango, hata kama mlango wenyewe una pembe.

Ndama akawa ng'ombe, akazaa, akazeeka. Mzee naye akaugua, asiinuke tena. Akaomba ng'ombe wake aletwe mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi, nikichochea moto wa kumpasha joto.

"Ng'ombe," akasema, pumzi ikimkatika, "yule mtoto wa samaki nilimkataa. Nilikosea. Mwambie. Na mwambie naogopa."

 Nikaweka mkono ukutani.

"Ng'ombe," nikasema, "mwambie baba atulie, asisimame. Tunakaribia nchi kavu."

Nikamsikia akicheka.